Wa Kushuka ni Mmoja

Hapo zamani palikuwa na watu watatu, na wote watatu walikuwa wamechoka.

Walikuwa walinzi wa mayai ya samaki. Kazi hiyo ipo, msicheke. Juu kabisa ya mlima, mahali paitwapo Isuvilo, ambako mwezi wa saba majani huamka meupe kwa barafu na ndoo iliyoachwa nje hukutwa imefunga utando mgumu, kikundi cha wanakijiji kilikuwa kimechimba mabwawa ya samaki wa maji baridi waitwao trauti. Samaki hao bwawani hawazaliani. Hukamuliwa mayai kwa mkono, mayai yanapangwa kwenye trei, na trei zinalazwa kwenye mfereji wa saruji unaopitisha maji ya kijito usiku na mchana. Kwa siku arobaini na kitu yai linataka jambo moja tu, maji yapite. Maji yakisimama saa mbili, yai linakosa pumzi, linageuka jeupe kama punje ya wali, na hapo limekufa.

Barafu ndiyo iliyoyasimamisha. Iliziba mdomo wa bomba lililoleta maji mferejini. Ukiivunja, inarudi. Ukiondoa majani yaliyoletwa na kijito, mengine yako njiani. Kwa hiyo ilibidi pawe na mtu muda wote, wa kuvunja barafu kwa nondo, wa kuondoa majani, wa kuchambua mayai yaliyokufa yasije yakaozesha mazima. Kijiji kilikuwa chini, mwendo wa saa nne kwa miguu. Walinzi walikaa huko huko juu, katika kibanda cha mbao cha hatua tatu kwa hatua nne, wakipokezana.

Wa kwanza aliitwa Tulizo Mbilinyi, mama wa watoto wanne, mwanamke asiyeweza kuona kitu kibovu akakiacha. Akikuta mpini umelegea, anaukaza. Akikuta trei imepinda, anainyoosha. Hata akikaa kupumzika mikono yake ilikuwa ikitafuta kazi, na hilo lilizidi kumchosha.

Wa pili aliitwa Fanuel Ngailo, mwanamume mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo. Kabla ya kupanda Isuvilo alikuwa amebeba mbao msituni miezi minane mfululizo. Watu walimwita mvivu. Hakuwa mvivu, alikuwa ameishiwa. Aliianza kazi vizuri, akifika katikati nguvu zinamtoka, anaweka chini alichoshika na kusema, "Nitamalizia kesho."

Wa tatu aliitwa bibi Eda Chaula, mjane wa miaka sitini na kitu. Magoti yalimuuma, na alisema kwamba yanamuuma. Alisema asubuhi, akasema mchana, akasema jioni. Moshi ulimsumbua, uji ulimsumbua, mkoromo wa Fanuel ulimsumbua. Lakini hakuna aliyekuwa na macho kama yake. Kwa kibanio cha mwanzi aliweza kuchomoa yai moja jeupe katikati ya mia moja mazima asiguse la pembeni.

Walipanda mwezi wa sita wakiwa wameambiwa watashuka mayai yakiangua. Kabla hayajaangua, samaki wengine wakawa tayari, wakakamuliwa, trei tisa nyingine zikalazwa mfereji wa pili. Hesabu ikaanza upya.

Sasa sikilizeni habari za kibanda, maana hapo ndipo pana jambo lenyewe.

Mwanzoni kilikuwa mbao tupu. Upepo uliingia upande huu ukatokea upande ule. Wiki ya pili, asubuhi moja, Tulizo alitoka kumpokea Fanuel zamu akamkuta amekaa kando ya mfereji na nondo mapajani, macho wazi, midomo haisogei. Alimwita, hakujibu. Alimshika mkono, ukawa mgumu kama wa mti. Yeye na bibi Eda walimkokota ndani, wakamvua nguo mbichi, wakamweka katikati yao chini ya mablanketi yote waliyokuwa nayo, wakamsugua mpaka jua lilipopanda. Ilipofika saa nne ndipo aliposema neno.

"Nipo," alisema.

Siku hiyo hiyo Tulizo alishuka kijijini, akarudi kesho yake amebeba magunia matupu, manyoya ya kondoo na sponji la godoro kuukuu. Alishona magunia, akayajaza manyoya na majani makavu, akayapigilia ukutani na kwenye dari. Nyufa alizikandika udongo. Mlango aliuzungushia vipande vya sponji ili ukifungwa ushike. Kazi hiyo ilimchukua siku sita, na kila siku alikuwa na zamu yake ya mfereji vilevile. Alipomaliza, pumzi za watu watatu tu zilitosha kukitia kibanda joto kidogo.

Hapo akaja msimamizi wao, Ezekia Tweve, na jiko la makaa. Aliingia, akafunga mlango, akasikiliza. Kisha akaufungua.

"Hiki sasa ni chupa," alisema. "Dada Tulizo, umefanya kazi nzuri sana, na kwa sababu ni nzuri sana lazima nikitoboe."

Alikata kwa msumeno matundu mawili. Moja chini, karibu na mlango. Jingine juu, ukuta wa mbele, chini ya paa. Kisha akawakalisha.

"Makaa yana moshi usioonekana," alisema. "Haunuki, hauwashi macho. Unakutia kichwa kuuma, unakutia usingizi, nawe unadhani ni uchovu. Mjomba wangu na mkewe niliwazika kwa moshi huo. Ninyi mmechoka kila siku, kwa hiyo hamtajua tofauti. Shikeni nitakayosema. Jiko liwake nje mpaka makaa yote yawe mekundu. Na hata mekundu yanaua, ila polepole, kwa hiyo matundu yasizibwe. Jiko likiwa ndani, mmoja awe macho, na mlango ufunguliwe mara kwa mara. Mkilala wote, jiko litoke nje. Mmenielewa?"

"Tumekuelewa, kaka," alisema Tulizo.

"Nimeelewa," alisema Fanuel.

"Hilo tundu la chini litanipiga magotini," alisema bibi Eda.

"Likupige, bibi," alisema Ezekia, akashuka.

Wiki tatu walishika maneno hayo. Jiko liliwaka nje, likaingia jekundu, mmoja akakaa macho. Wakapona baridi, wakapona moshi. Lakini uchovu haukupona. Bibi Eda alianza kuhesabu trei mara mbili kwa kusahau kwamba ameshazihesabu. Tulizo alilia siku moja kwa sababu sindano ilivunjika. Fanuel alilala akiwa amesimama, ameegemea nondo.

Kulikuwa na pembe moja ya kibanda, juu, upande wa nyuma, ambayo udongo wake ulipasuka ukadondoka, pakabaki upenyo wa kuingia ngumi. Tulizo alimwambia Fanuel, kwa kuwa ndiye mrefu, aukandike. Fanuel alikanda udongo, akaziba nusu, akaweka chini kisu cha kukandikia.

"Nitamalizia kesho," alisema.

Kesho yake Tulizo alimkumbusha. "Kesho," alisema. Siku ya tatu akamkumbusha. "Kesho, dada yangu." Siku ya tano Tulizo alisema angepanda mwenyewe kama angekuwa na kimo. Siku ya kumi na moja aliacha kumwambia.

Na bibi Eda naye. Upepo wa tundu la chini ulimpiga magotini kila alipokaa. Alihama upande, ukamfuata. Siku moja alichukua kitenge chake cha zamani, akakikunja, akakisukuma kwenye lile tundu. Alikuwa amekusudia kukitoa jiko litakapoingia. Siku ya kwanza alikitoa. Siku ya pili alikitoa. Siku ya tatu, ile ninayotaka kuwaambia, hakukumbuka.

Siku hiyo, saa nane mchana, wingu jeusi lilikaa juu ya Isuvilo, kisha mawe yakaanza kushuka. Si mvua ya mawe ya kuvunja majani ya migomba na kwisha. Ilinyesha saa nzima, ikazika mabwawa, ikazika njia, na barafu ikamiminika mferejini ikasimamisha maji. Wote watatu walitoka. Walichota barafu kwa ndoo, kwa sufuria, kwa mikono. Walipofungua mdomo wa bomba la kwanza, la pili likaziba. Walipofungua la pili, la kwanza likaziba. Bibi Eda alipiga magoti ndani ya maji, magoti yale yale, akakinga trei kwa mgongo wake. Hatimaye maji yakapita kote, na wakarudi kibandani wakiwa wamelowa mpaka mifupani.

Jiko, walilokuwa wameliwasha kabla ya mawe, lilikuwa chini ya ukingo wa paa. Nusu ya makaa yalikuwa mekundu, nusu meusi bado, na mawe yaliruka yakiingia ndani yake, yakitoa mvuke. Tulizo alilitazama jiko. Akamtazama Fanuel, ambaye meno yalikuwa yakigongana na vidole haviwezi kufungua vifungo.

"Halijawa jekundu," alisema bibi Eda.

"Likibaki nje litazimika," alisema Tulizo, "na huyu ataganda tena."

Aliliingiza. Alifunga mlango, sponji likashika.

"Kaka Fanuel, zamu ya kukaa macho ni yako."

"Nipo," alisema Fanuel.

Lile tundu la juu, ukuta wa mbele, lilitazama upande unaotoka upepo. Mawe ya barafu yalikuwa yamelijaa yakashikana. Hakuna aliyeinua macho kuliangalia. Lile la chini lilikuwa na kitenge. Upande wa nyuma, mahali upepo haukufika, ulibaki ule upenyo ambao haukumaliziwa.

Joto likawapata. Mnalijua joto linalomkuta mtu aliyelowa, linavyomlegeza viungo. Tulizo alijilaza, kidogo tu, alisema. Fanuel alikaa wima, mgongo ukutani, macho kwenye makaa. Macho yakajifumba.

"Kichwa kinaniuma," alisema bibi Eda.

"Lala, bibi, utaamka mzima," alisema Tulizo bila kugeuka.

Baada ya muda akasema tena, "Kichwa kinaniuma, na tumbo linageuka."

"Lala, bibi," alisema Tulizo kwa mbali.

Bibi Eda alikuwa akilalamika kila siku, kwa hiyo siku aliyolalamika kweli hakuna aliyemsikia.

Aliinuka kwenda nje kutapika. Miguu haikumtii, akatambaa. Aliusukuma mlango kwa bega, akaangukia juu ya barafu na kutapika hapo. Hewa baridi ikamwingia kifuani, na taratibu kichwa chake kikaanza kufunguka, akasikia kimya kilichokuwa nyuma yake. Fanuel hakuwa akikoroma.

Alirudi ndani. Alilishika jiko, na kwa kuwa hakuwa na kitambaa mkononi alilishika hivyo hivyo kwa viganja, akalitupa nje. Akarudi tena. Alimshika Tulizo kwenye gunia alilolalia, akalivuta gunia, akapumzika, akalivuta, mpaka akamtoa. Akarudi mara ya tatu. Fanuel hakuvutika. Bibi Eda alimshika makwapani, akavuta, hakusogea. Alikaa chini, akaweka miguu yake mwenyewe ukutani, akasukuma kwa magoti yale mabovu huku akivuta, kidogo kidogo, akamfikisha mlangoni, kichwa kikawa nje na mwili ndani. Hapo nguvu zikamwisha. Alikaa kwenye barafu, mikono imeungua, akimpiga Fanuel mashavuni na kumwita jina, akimgeukia Tulizo na kumwita jina.

Tulizo aliamka akitapika. Fanuel alikawia. Giza lilipokaribia ndipo alipofungua macho. Wote wawili vichwa viliwauma siku tatu.

Lakini mfereji haukuwa na mtu saa zote hizo. Barafu iliziba tena. Asubuhi, trei tano katika zile tisa zilikuwa nyeupe tupu.

Ezekia alifika siku ya pili na muuguzi wa zahanati, waliposikia mawe yalivyonyesha juu. Muuguzi aliwapima, akamfunga bibi Eda viganja, kisha akaingia kibandani akachunguza. Alitoa kitenge kwenye tundu la chini. Aliingiza kidole tundu la juu, akakuta barafu bado imo. Alizunguka mpaka pembe ya nyuma, akaweka kiganja chake kwenye upenyo, akakiacha hapo muda mrefu.

"Hewa yote mliyovuta iliingilia hapa," alisema. "Haikutosha, lakini iliingia. Huu upenyo ungekuwa umezibwa, ningekuta maiti tatu."

Siku ya tano Ezekia alipanda tena. Safari hii wanaume wawili walimbebea jiko la bati la kuni lenye bomba la kutolea moshi. Walilifunga, bomba likapita darini na kutokeza juu ya paa, yale matundu mawili wakayawekea wavu wa waya ili yasizibike wala yasizibwe, wakateremka zao. Nyuma ya Ezekia alikuja pia mwanamke mmoja na kifurushi chake. Alikuwa Atuganile, shemeji yake.

Ezekia aliwakalisha wale watatu mbele ya kibanda, maana bibi Eda alikuwa amekataa kukaa ndani.

"Zimebaki siku ishirini na sita mayai yaangue," alisema. "Nimetafuta watu kijiji kizima. Nimepata mmoja, huyu shemeji yangu. Kwa hiyo mmoja wenu anashuka leo. Anakwenda kulala kwake, na kikundi hakitasema ameacha kazi. Wawili wanabaki. Nimeshauriana na wenzangu, tumeona kwamba anayestahili kushuka ni yule aliyewaokoa wenzake wasife. Mimi sikuwepo. Semeni ni nani."

Kila mmoja alikuwa anaona kitanda chake.

Tulizo ndiye aliyeanza.

"Nitasema mimi, kaka, maana nikinyamaza nitalia. Kibanda hiki kilikuwa chujio. Fanuel aliganda hapo kando ya mfereji mkono ukawa mti. Nani alishuka kuleta magunia? Nani alishona siku sita, zamu zake hazikupunguzwa? Siku ile ya mawe, kama kibanda kingekuwa mbao tupu, moshi usingetuua, lakini kwa vile tulivyolowa baridi ingetumaliza kabla ya jua kuzama. Niliingiza jiko kabla ya wakati. Nakiri. Niliingiza kwa sababu mtu alikuwa anaganda mbele ya macho yangu kwa mara ya pili. Kila nililofanya juu ya mlima huu nimelifanya kusudi ili mtu asife. Wenzangu hawa nawapenda, lakini waulize kama wanaweza kusema hivyo."

Alifuta uso kwa ukingo wa kanga.

"Mimi siwezi kusema hivyo," alisema bibi Eda. Viganja vyake vilivyofungwa vilikuwa mapajani. "Mimi nilitoka kwenda kutapika, mwanangu Ezekia. Na kitenge kilikuwa changu, sikatai. Nimemwomba Mungu msamaha na nawaomba na hawa. Lakini nilipokuwa nje kichwa kilifunguka. Ningeweza kubaki hapo. Mtu wa magoti kama haya, nani angenilaumu? Nilirudi. Mara ya kwanza jiko. Mara ya pili Tulizo. Mara ya tatu Fanuel. Nilisema kichwa kinaniuma mara mbili, na mara mbili nikaambiwa nilale. Aliyekijenga kibanda alikuwa amelala. Mwenye zamu alikuwa amelala. Aliyekuwa macho ni mimi. Sasa mikono hii haiwezi kushika kibanio. Nikibaki, nitabaki kufanya nini?"

"Hilo la mikono ni jambo jingine, bibi," alisema Ezekia kwa upole. "Nimeuliza nani aliwaokoa."

"Nami nimekujibu."

Fanuel alikuwa ameinamisha kichwa. Walidhani hatasema.

"Zamu ilikuwa yangu, nikalala," alisema. "Hilo sina la kulitetea. Na ile pembe sikuiacha kwa akili, niliiacha kwa kuchoka. Dada Tulizo alinikumbusha mara nyingi, nami nikasema kesho, kesho. Lakini, kaka Ezekia, hukuuliza nani alikuwa na nia njema. Umeuliza nani alituokoa. Muuguzi aliweka mkono pale akasema ni ule upenyo. Kama ningekuwa mtu wa kumaliza kazi, bibi Eda asingeamka kwenda kutapika. Asingeamka. Hayo ya kurudi mara tatu yasingekuwepo. Sijui kama sifa ya upenyo ni yangu. Lakini si ya mwingine yeyote hapa."

"Unataka upewe pumziko kwa sababu hukufanya kazi uliyotumwa?" aliuliza Tulizo. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Nataka kulala, dada. Wakiliita jina lolote, sawa."

"Ningekuwa na kimo ningepaziba mwenyewe siku ya pili," alisema Tulizo, na alipokwisha kusema akasikia alichosema. Aliangalia mikono yake.

"Ungepaziba vizuri," alisema bibi Eda.

Kisha akamgeukia Ezekia, "Na wewe, mwanangu, ulituacha watatu kwa kazi ya watu sita. Uchovu huu hatukuja nao wote kutoka nyumbani."

"Ni kweli, mama," alisema Ezekia. "Na nitalijibu mbele ya kikundi. Lakini mimi si katika wanaosubiri kushuka."

Alisimama, akatembea mpaka mfereji, akarudi. Alimtazama Tulizo, aliyewatakia wote uzima na kwa mikono yake akawafungia ndani pamoja na moshi. Alimtazama bibi Eda, aliyeziba tundu kwa ajili ya magoti yake, kisha akayatumia magoti hayo kuwatoa. Alimtazama Fanuel, ambaye hakufanya lolote, na kwa lile asilolifanya wote watatu walikuwa hai. Alitaka kumuuliza swali, akaona ameshalala, hapo hapo alipokaa, kidevu kifuani. Kwa mara ya kwanza bibi Eda hakulalamikia mkoromo wake.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa pili wa mlima. Anayetaka kufika kijijini kabla ya giza ilimpasa aanze kutembea sasa. Atuganile alikuwa ameshavunja barafu ya bomba la kwanza bila kuambiwa. Alikuja akiwa ameshika nondo, akaokota kifurushi chake, akachungulia ndani ya kibanda. Kulikuwa na vitanda vitatu vya magunia, kila kimoja na blanketi lake.

"Shemeji," alisema, "mimi nilale kipi?"

Ezekia akafumbua mdomo.

Enyi mnaonisikiliza, Ezekia alijibu, na mmoja alishuka, na wawili wakabaki siku ishirini na sita. Lakini aliyenisimulia alikataa kunitajia jina. Alisema kila akilitaja watu hugombana, na yeye amechoka na ugomvi. Kwa hiyo niambieni ninyi. Yule aliyewapenda wote akaliingiza jiko, yule aliyeziba tundu akarudi mara tatu, au yule aliyechoka akaacha upenyo?

Je, nani alistahili kushuka?